Rejeleo la Ishirini na Saba

Sentensi iliyomuudhi Pak Margono ilikuwa ya mwisho kabisa katika makala, chini ya marejeleo, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki. Wigati alikuwa ameiandika kwa uangalifu: mwandishi wa kwanza ametumia programu ya akili mnemba kunyoosha Kiingereza cha sehemu ya pili na ya nne, amekagua kila sentensi mwenyewe, na kosa lolote lililobaki ni lake. Pak Margono aliisoma, akairudia, akachukua kalamu nyekundu na kuikata kwa mstari ulionyooka vizuri. Kukata ilikuwa kazi aliyoimudu.

"Hii nini, Mbak?" aliuliza, akimwita dada kwa adabu ya huko.

"Taarifa ya matumizi ya akili mnemba, Pak. Jarida linaidai."

"Linaidai kwa walioitumia."

"Nimeitumia, Pak."

"Nani anajua?"

Jibu lilikuwepo, na lilikuwa rahisi: mimi najua. Lakini mjini kwao Purwokerto, ambako mkubwa huitwa Pak, yaani baba, mtu hamjibu msimamizi wake namna hiyo, basi Wigati akaitazama glasi ya chai iliyokuwa mbele yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Sikiliza," Pak Margono alisema, akiegemea kiti. "Ukimpikia mgeni pecel, unamwambia mboga umezikata kwa kisu gani? Humwambii. Sasa mimi jina langu likae ukurasa mmoja na roboti? Watu watasema Margono kaandikiwa na mashine."

Kwa kweli Margono hakuwa ameandikiwa na mashine. Alikuwa ameandikiwa na Wigati, na hilo halikuwahi kumnyima usingizi.

Wigati alikuwa mhadhiri mdogo katika idara ya teknolojia ya vyakula, na papo hapo mwanafunzi wa uzamivu chini ya Pak Margono, ambaye ndiye mkuu wa idara hiyo hiyo. Miaka miwili alikuwa akipanda pikipiki alfajiri kwenda vijiji vya Cilongok, kuwasubiri wagema washuke minazini, apime uchachu wa utomvu ungali mbichi. Alitaka kujua kwa nini utomvu uliotiwa chokaa na vipande vya mti wa mfenesi hubaki mtamu hadi mchana, na ule usiotiwa kitu hugeuka siki kabla mke wa mgema hajawasha jiko la kupikia sukari. Sasa alijua. Alikuwa na vipimo, picha, na kovu la mguuni alilopata kwenye bomba la moshi la pikipiki. Alichokosa ni Kiingereza kisichokwaruza, na hapo tu ndipo programu ilipomfaa.

Kanuni ya chuo ilikuwa kwamba hakuna mwanafunzi wa uzamivu atakayetetea tasnifu yake bila makala moja safi katika jarida la kimataifa. Makala ikikataliwa, unajaribu kwingine. Makala ikifutwa kwa udanganyifu, shahada imekwenda na kazi inafuata nyuma yake. Pak Margono naye aliihitaji makala hiyo hiyo. Faili lake la kuombea uprofesa lilikuwa na kila kitu isipokuwa hiyo, na kwa desturi ya idara jina la msimamizi hupanda kwenye makala ya mwanafunzi kama bosi anavyopanda gari la ofisi. Hakuna anayemuuliza nauli.

"Niachie," alisema Pak Margono, akizikusanya karatasi. "Nitaituma mwenyewe. Na nitaongeza viungo kidogo."

"Viungo gani, Pak?"

"Mbak Wigati, hivi kati yetu msimamizi ni nani?"

Sungkan ikamshika, ile haya inayomziba mtu mdomo mbele ya mkubwa wake hata pale anapojua mkubwa anakosea. Akasema asante, akatoka kinyumenyume, akaufunga mlango polepole. Nje alijichukia kidogo, kisha akaenda kufundisha.

Makala ikakubaliwa na kuchapishwa mtandaoni. Kundi la idara kwenye simu likajaa mikono iliyokunjwa kwa shukrani na maua ya kila rangi, yote ya Pak Margono. Langoni kukawekwa ubao wa maua mrefu kuliko mlinzi, wa kumpongeza Dokta Margono Adisiswoyo kwa utafiti wake wa kimataifa kuhusu utomvu wa mnazi. Mtu huyo utomvu wa mnazi alikuwa anaujua ukishakuwa sukari, ndani ya kahawa. Jina la Wigati halikuwepo kwenye ubao. Maua yasingetosha, alisema aliyeagiza.

Siku ya kikao cha idara, wote wakiwa kwenye batiki na kila mmoja na kiboksi chake cha vitafunio mapajani, aliingia Mkuu wa Chuo mwenyewe. Profesa Wiryobroto alikuwa mtaalamu wa sheria za kodi, mzee mwenye sauti nzuri na viatu vinavyong'aa, na katika idara ya vyakula hakuwa ameonekana tangu siku ya kukata utepe wa maabara. Watu walisimama, viboksi vikaanguka.

"Kaeni, kaeni," alisema. "Nimekuja kumshukuru mdogo wangu Margono. Nimeisoma makala yenu."

Alikuwa ameisoma kama wakubwa wote wanavyosoma, kuanzia nyuma, kwenye orodha ya marejeleo, wakitafuta jina lao. Na safari hii alilikuta.

"Mnajua, kile kitabu changu nilikuwa nimeshakisahau," aliendelea, akicheka kwa unyenyekevu wa mtu anayesubiri kupingwa. "Cha wagema. Kumbe bado kinawafaa watafiti wa leo."

Wigati aliinua kichwa. Kitabu gani cha wagema?

"Nilikiandika zamani kidogo. Nilikuwa bado na nguvu. Nilizunguka nao vijijini, nikalala kwao, nikanywa utomvu wao." Alisita, akaangalia dirishani kwa macho ya mbali. "Mnazi mmoja niliupanda mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Mtaalamu wa kodi juu ya mnazi, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

"Sasa naomba jambo moja," alisema Mkuu. "Tukifanyie mjadala. Ukumbi mkubwa, wanafunzi wote, tuwaalike na watu wa wilaya. Kitabu kizuri kisife kabatini. Margono, wewe utakichambua."

"Kwa heshima kubwa, Pak," alisema Margono, akiinama hadi tai ikagusa kiboksi. Wigati alimtafuta kwa macho. Pak Margono alikuwa anaifungua risoles yake, sambusa ya huko, kwa umakini ambao hakuwahi kuupa ukurasa wowote wa tasnifu.

Alirudi mezani kwake na kuifungua makala kama ilivyochapishwa. Pale chini, mahali pa sentensi yake, palikuwa na nyingine: waandishi wanathibitisha kwamba hakuna akili mnemba iliyotumika. Na kwenye marejeleo, kati ya la ishirini na sita na lililokuwa la ishirini na saba, kulikuwa na mgeni. Wiryobroto, *Hekima ya Wagema wa Banyumas*, kitabu, mwaka 2008, mchapishaji ni chapa ya chuo.

Lilik, mhadhiri mwenzake waliyekaa naye meza moja, alisogeza kiti kuangalia.

"Chapa ya chuo mwaka huo ilikuwa wapi?" Wigati aliuliza. "Si pale palikuwa banda la pikipiki?"

"Labda kilichapwa katikati ya pikipiki."

"Lilik, sitanii. Nimetafuta maktaba ya hapa, ya mkoa, ya taifa. Hakuna."

"Mwenyewe kakikumbuka," Lilik alisema, akimega mendoan ya kukaanga na kuichovya kwenye mchuzi wa pilipili. "Mpaka mnazi kaukumbuka. Wewe mtoto wa watu nani kakutuma ukisahau?"

"Jina langu ndilo la kwanza pale juu."

Lilik akaacha kutafuna.

Haukupita muda mrefu kabla ya barua pepe kuingia, kwao wote wawili, kutoka kwa mhariri wa jarida, mwanamke wa Penang aitwaye Dokta Teoh. Aliandika kwa upole wa watu wasiohitaji kupiga kelele. Msomaji mmoja huko Kerala, ambako nao wanagema, amekitafuta kitabu cha rejeleo la ishirini na saba na hajakipata, na yeye mhariri hakukipata pia. Anaomba nakala au maelezo. Na anaomba waandishi waliangalie upya jibu lao kuhusu akili mnemba, kwa kuwa vitabu visivyokuwepo, kwa uzoefu wake, huwa na mama mmoja. Asipopata maelezo ya kuridhisha, makala itafutwa, na sababu ya kufutwa itaandikwa hadharani chini ya majina yao.

Wigati alipanda ngazi kwenda ofisi ya Pak Margono bila kuomba miadi. Hilo lenyewe, kwa chuo kile, lilikuwa tayari ni matusi.

"Ulikitoa wapi, Pak?"

Pak Margono hakujifanya haelewi. Aliinuka, akaufunga mlango, akakaa tena.

"Nilitaka kumheshimu Mkuu. Faili langu liko mezani kwake, Mbak, unajua. Nikaitazama makala yote, jina lake halimo hata mara moja. Ni kama kupita mbele ya mtu mzima bila kuinama."

"Yeye ni mtu wa kodi, Pak."

"Ndiyo maana ilikuwa ngumu. Basi nikaiuliza."

"Ukamuuliza nani?"

Pak Margono alitazama kompyuta yake, haraka, kama mtu anayemtazama mwanamke ambaye si mkewe.

"Ile ile yako. Nikaiambia, nipe kitabu cha Profesa Wiryobroto kuhusu wagema wa huku kwetu. Ikanipa. Tena kwa adabu, ikaniambia ni kazi muhimu sana."

Wigati alisimama pale akilipima jambo hilo. Huyu ndiye aliyekata sentensi yake kwa wino mwekundu. Huyu ndiye aliyeona aibu kutajwa ukurasa mmoja na roboti. Yeye, Wigati, aliikabidhi programu Kiingereza chake akakisoma upya neno kwa neno, hata pale ilipobadilisha chokaa kuwa chaki akairudisha chokaa. Mwenzake aliiomba heshima, ikampa heshima, akaibandika kwenye utafiti wa mtu mwingine, kisha akaapa hajawahi kuiona.

"Na hukukagua kama kipo?"

"Nimkague Mkuu wa Chuo?" Alikuwa ameudhika kwelikweli. "Niende maktaba, niulize, samahani, eti ni kweli Profesa ameandika kitabu? Ingemfikia kabla sijafika mlangoni. Wewe Mbak una digrii nyingi, lakini adabu nyingine hazifundishwi darasani."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mchina, Mdachi au Mmarekani angeweza kubandika kitabu cha uongo kwa uvivu au kwa tamaa. Pak Margono alikibandika kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo akaogopa kukitafuta, na aliyesingiziwa kukiandika kwa heshima hiyo hiyo akakikumbuka. Mashine ilitunga jina la kitabu tu. Mnazi, usingizi wa kijijini na utomvu wa asubuhi vilitungwa na profesa.

"Lakini usihofu," Pak Margono alisema, na sauti yake ikawa ya mtu anayegawa zawadi. "Nimeshalifikiria. Kitabu wanakitaka, tutawapa kitabu."

"Kitabu gani?"

"Hicho hicho. Kurasa themanini zinatosha. Wewe vipimo unavyo, mahojiano unayo, ile programu unaijua kuliko mimi. Iambie iandike kwa sauti ya mtu mzima. Mas Gito mwenye chapa pale nyuma ya kampasi atatutolea nakala chache, karatasi ya manjano manjano, mwaka tunauweka wa zamani. Mhariri anapata nakala yake, mjadala unafanyika, na Mkuu hatashangaa. Ameshakumbuka, Mbak. Sisi tunamrudishia tu kumbukumbu yake."

"Pak, huko ni kughushi."

"Ni kukamilisha."

"Sitaandika."

Pak Margono alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya batiki, akaivaa. Alipozungumza tena hakuwa anagawa zawadi.

"Sawa. Basi tumwambie mhariri ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba akili mnemba ilitumika. Na aliyeitumia ni mwandishi wa kwanza. Si uliandika mwenyewe? Ile karatasi ninayo. Nimepitisha mstari tu, maneno bado yanasomeka vizuri. Mwanafunzi aliitumia, mashine ikamdanganya, msimamizi alikuwa na kazi nyingi. Inatokea kila mahali, watu wataelewa." Akatabasamu kwa huruma. "Ulikuwa unataka sana kuitaja, Mbak. Sasa itaje."

Kilichompanda Wigati hakikuwa hofu, ingawa hofu ilikuwepo. Ilikuwa hasira safi, ya mtu aliyevuliwa nguo kisha akaambiwa hana aibu. Makala ilipokuwa nzuri mashine haikuwepo duniani, na Margono ndiye mtafiti. Makala ilipooza mashine ikazaliwa ghafla, na mama yake ni Wigati. Alitaka kumwambia hayo yote. Alichosema ni "Permisi, Pak," yaani niruhusu nipite, akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakutoka kinyumenyume.

Siku hiyo hakufundisha. Alikaa na Lilik kwenye kibanda cha supu ya soto nje ya kampasi, bakuli likapoa mbele yake.

"Ukimsema, umekwisha hapa," Lilik alisema. "Hata kama una haki. Unajua watu wetu. Hawatasema Margono alidanganya. Watasema Wigati hana adabu, kamwaibisha mwalimu wake kwa wageni."

"Nisipomsema nimekwisha pia."

"Ndiyo."

"Basi bora niishe nikiwa nimesema."

"Haya. Ila kula kwanza, mpumbavu wewe, soto haina kosa."

Alimwandikia Dokta Teoh kwa mkono wake, bila programu, kwa Kiingereza chake chenye kokoto. Alieleza kila kitu mahali pake. Mimi niliitumia programu sehemu ya pili na ya nne, kunyoosha lugha, na nilikagua. Niliandika taarifa ya kusema hivyo, msimamizi akaiondoa. Rejeleo la ishirini na saba liliongezwa na msimamizi baada ya mimi kumkabidhi makala, alilipata kwa programu kama hiyo, hakulikagua, na kitabu hakipo. Kosa langu ni kwamba sikudai kuona nakala ya mwisho, na jina langu ni la kwanza. Akaambatanisha vipimo vyote vya miaka miwili, pamoja na picha za vyombo vya mianzi na tarehe zake. Nakala ya barua akaipeleka kwa Pak Margono pia. Hakuwa mtu wa kumsema mtu kisogoni.

Kwa siku kadhaa Pak Margono alipita mbele ya meza yake akitazama ukutani, na idara nzima, ambayo haikuambiwa kitu, ikaanza nayo kutazama ukutani. Kundi la simu lilikuwa kimya kama msiba. Kwenye ukumbi mkubwa walikuwa wameshatundika bango la mjadala, lenye picha ya Mkuu na mchoro wa mnazi.

Kisha mhariri akajibu, kwa wote wawili. Vipimo amevipitisha kwa wataalamu na ni vizuri. Rejeleo lile halikubeba hoja yoyote, kuliondoa hakubomoi kitu. Kwa hiyo jarida liko tayari kutoa sahihisho badala ya kuifuta makala, kwa masharti. Matumizi ya programu yatajwe, nani aliitumia na wapi. Kila mwandishi aeleze kazi aliyoifanya katika utafiti huu. Programu haiwezi kuwa mwandishi, aliandika, kwa sababu haiwezi kuulizwa ikajibu juu ya kazi. Na mtu ambaye hana kazi ya kuulizwa naye hawezi kuwa mwandishi, kwa sababu hiyo hiyo. Asiye na sehemu athibitishe mwenyewe, kwa maandishi, kwamba jina lake liondolewe. Mmoja wao akikataa kuthibitisha, makala inafutwa na majina yote mawili yanatajwa.

Bango la mjadala likashushwa kabla ya magharibi. Mkuu wa Chuo aliambiwa kuna ukarabati wa ukumbi. Hakuna aliyemwambia jambo jingine, na hakuna atakayemwambia. Alisikitika kidogo, akasema hata hivyo nakala yake ya mwisho aliiazima rafiki mmoja wa Yogya ambaye hajairudisha, na jina la rafiki huyo limemtoka.

Pak Margono alikuja mezani kwa Wigati wakati wa mapumziko ya mchana, Lilik akiwa ameenda kuswali. Hakuwahi kufika pale. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye kiti cha Lilik, ambacho kilikuwa kifupi, magoti yakamjia kifuani.

"Mbak Wigati," alisema. "Umeshaandika ile orodha ya kazi?"

"Yangu tayari, Pak. Naisubiri yako."

"Ndiyo nilichojia." Alizungusha pete kidoleni. "Niandikie kitu."

"Nitaandika lolote lililo kweli, Pak."

Alilisema bila kejeli, na alimaanisha. Angemletea hata jambo dogo, swali moja zuri aliloliuliza, aya moja aliyoisahihisha, angeliandika. Hakutaka kumzika. Alitaka kutetea tasnifu yake tu.

"Andika kwamba wazo lilikuwa langu."

"Wazo nilikuja nalo kwenye usaili, Pak. Ulisema wagema ni mambo ya watu wa mila, nibadilishe."

"Nilienda shambani."

"Ulienda. Mvua ilinyesha, ukabaki kwenye gari."

"Vipimo, basi. Vifaa vya maabara nilisaini mimi."

"Mhariri amesema saini si kazi ya utafiti. Iko kwenye aya ya tatu."

"Nilisoma rasimu."

"Ipi, Pak?"

Wigati alingoja, vidole vikiwa juu ya vitufe, tayari kuandika. Nje mtu alikuwa anafagia majani. Pak Margono alifikiri kwa muda mrefu, na usoni mwake lilipita jambo ambalo Wigati hakuwa amewahi kuliona: alikuwa anatafuta kwelikweli, kwa bidii, katika miaka miwili yote, na hakuwa anapata.

"Na hiyo," alisema mwishowe, akiielekezea kompyuta kwa kidole gumba, kama mtu wa adabu anavyomwelekezea mkubwa wake. "Hiyo umeiandikia nini?"

"Imenyoosha Kiingereza cha sehemu ya pili na ya nne."

"Sehemu mbili."

"Ndiyo, Pak. Mbili."

Pak Margono alitikisa kichwa polepole. Faili la uprofesa lilikuwa bado juu mezani kwa Mkuu, limekamilika kila kitu isipokuwa moja.

"Anataka nimwandikie mwenyewe, kwamba jina litoke?"

"Ndiyo, Pak. Kwa Kiingereza."

"Kiingereza changu unakijua." Alikohoa. "Nisaidie, Mbak. Mistari miwili mitatu tu, mimi nitaweka jina chini."

Mkono wa Wigati ulikuwa umeshaanza kwenda wenyewe, kwa mazoea. Akaurudisha. Akaifungua programu, akaigeuza kompyuta ikamtazama Pak Margono, akampisha na kiti chake.

"Itumie, Pak. Ila uitaje."

Pak Margono aliandika kwa vidole viwili, akikunja uso. Barua ilipokuwa imenyooka, alishuka hadi mwisho, akakaa akiitazama nafasi tupu iliyobaki chini, kisha akauliza sentensi ya kuitaja programu huanzaje. Wigati akamwambia. Akaiandika mwenyewe, neno kwa neno, akaisoma, akarekebisha herufi moja, na hiyo ndiyo ikawa sentensi pekee ya kweli aliyoichangia katika kazi yote ile.